Mota Isiyojua Upande

"Sijauliza kama ni wewe. Nimeuliza ni nani."

"Na nimekujibu hakuna mtu. Unataka nikujibu na lugha gani, Owiti? Kidholuo nimemaliza, Kiswahili ndiyo hii inaelekea kuisha."

"Mota haiwezi kuamka asubuhi ikaamua kurudi nyuma. Kuna mtu amegusa waya."

"Basi ni mimi. Andika jina langu uniachie wateja."

Mteja wa Beldina hapo kwa mashini ya kusaga alikuwa mmoja tu, Mama Nakhungu, mfuga kuku wa hapo hapo Mamboleo, na wakati huo alikuwa ameketi juu ya gunia lake akijipangusa uso na leso. Nyusi zilikuwa za kijivu, pua ya kijivu, mpaka meno yalikuwa na unga. Alikuwa ameinama tu kuangalia kama omena yake imeanza kusagika, mashini ikamtemea yote usoni. Omena kavu ya Usenge, vile visamaki vya ziwa, ile ya kuchanganya na mahindi kupatia kuku. Hiyo harufu ikikuingia puani, unatembea nayo mpaka Jumapili.

"Mnaweza kugombana pole pole?" alisema. "Nasikia na sikio moja tu. Ile ingine imejaa samaki."

Sasa Owiti hakuwa amekuja kugombana. Alikuwa amekuja kuonyesha shati. Jumamosi alikuwa aende Usenge na wajomba wake kwa kina Beldina kupeleka ayie, ile heshima ya kwanza ya mama wa msichana, na alikuwa amenunua shati ya rangi ya maziwa akaona apitie Beldina aione kabla ya watu wengine. Miezi miwili alikuwa Ahero, kwa pampu za mashamba ya mpunga, anarudi Kisumu mara moja moja amechoka kama punda. Leo akatoroka kazi. Akafika saa mbili asubuhi, akakuta Mama Nakhungu na gunia, mashini imenyamaza, Beldina amesimama kando na simu kama mtu anayengojea kitu.

"Mbona husagi?" akauliza.

"Nangoja kidogo."

"Unangoja nini na mimi niko hapa?"

Akapiga swichi mwenyewe. Mota ikaanza kunguruma mmm, kama ng'ombe aliye na jambo, lakini puli haikuzunguka. Akajua hiyo inataka kuamshwa. Akazima, akashika mkanda pale karibu na swichi, akavuta kwake mara mbili kwa nguvu, akapiga swichi. Mota ikashika moto vizuri sana, ikaenda mbio, na ikaenda nyuma. Badala ya unga kupanda na bomba uingie kwa gunia, ukarudi juu kwa mdomo wa mashini. Na hapo ndipo uso wa Mama Nakhungu ulikuwa.

Hiyo mota Owiti ndiye aliileta. Aliichagua soko la Kibuye kwa rundo la vyuma vikuukuu, akaisukuma na mkokoteni mpaka Mamboleo, akaifunga na mikono yake. Siku ya kwanza iliamka yenyewe, bila kushikwa na mtu, Beldina akapiga makofi. Kwa hivyo kuiona inarudi nyuma ilikuwa kama kurudi nyumbani ukute kufuli imebadilishwa.

"Huyu jirani yako wa kuchomelea," alisema sasa, na sauti akaishusha, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Yeye huwa anaingia hapa?"

Beldina alimwangalia, akaangalia shati, akaangalia mota.

"Wechuli? Huwa anaingia. Hii si kanisa."

Na kama vile ameitwa, Wechuli akatokea. Mtu wa Bungoma, mfupi, mabega kama mlango wa lori, miwani ya kuchomelea imepandishwa kwa kichwa. Alikuwa na banda lake upande ule mwingine wa ukuta, anatengeneza mageti na vitanda vya chuma.

"Bel, naona leo umechelewa kuniita," alisema. Kisha akaona Owiti. "Eeh, Injinia. Karibu nyumbani. Jumamosi si ndiyo hiyo imefika?"

Owiti alisikia neno moja tu kwa hayo yote. Bel. Yeye mwenyewe, miaka miwili, hajawahi kukata hilo jina. Alikuwa anaona ni jina zuri, halina pahali pa kukatwa.

"Mashini inarudi nyuma," alisema Mama Nakhungu. "Angalia uso wangu."

"Nani ameivuta?"

"Huyu bwana harusi."

Wechuli akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na shida na mtu. Akapita nyuma, akasimama kule mwisho karibu na ukuta, pale mota imekaa, akainama akashika mkanda. Beldina akasogea kwa swichi. Na hapa Owiti aliona kitu ambacho baadaye angetamani asingekiona. Hawakuhesabu. Hakuna aliyesema moja mbili, hakuna aliyesema haya. Wechuli alivuta kwake mara mbili, na mkono wa Beldina ulipiga swichi saa ileile mkanda ulipoachiliwa, bila hata kuangaliana, vile wanavyokunja shuka watu wawili ambao wamekunja pamoja miaka mingi. Mota ikaamka. Ikaenda mbele, laini, unga ukapanda na bomba, gunia likaanza kuvimba.

"Ona sasa," alisema Mama Nakhungu. "Hata mashini inamjua mwenyewe."

Alisema tu kama mzaha. Lakini kuna mzaha unaingia mtu kama mwiba wa samaki: huoni ulipoingia, na kila ukimeza unausikia.

"Zima," alisema Owiti.

"Nimalizie Mama kwanza."

"Beldina, zima hiyo kitu."

Akazima. Owiti akavua shati mpya, akaitundika kwa msumari, akabaki na vesti. Akafungua kifuniko cha swichi. Alikuwa anajua dawa. Kule Ahero pampu zote ni za waya tatu, na pampu ikirudi nyuma unabadilisha waya mbili zozote kati ya hizo tatu, inarudi kwa njia yake. Ameifanya mara hamsini, angeifanya amelala. Kwa hivyo akatoa waya nyekundu akaweka pahali pa nyeusi, nyeusi akaweka pahali pa nyekundu, akakaza.

"Mtu alikuwa ameziweka vibaya," alisema, bila kumwangalia Wechuli. "Ndiyo maana."

Akashika mkanda pale pake karibu na swichi, akavuta kwake, akapiga. Mota ikarudi nyuma. Mama Nakhungu safari hii alikuwa amehama.

Owiti akazirudisha waya kama zilivyokuwa. Akavuta, akapiga. Nyuma.

"Injinia," alisema Wechuli, "hiyo ni stima ya nyumba, waya ni mbili tu. Hata ukizibadilisha mpaka jioni si ni hizo hizo?"

"Wewe ni mtu wa mageti."

"Ni kweli."

"Basi kaa na mageti."

"Omera, sijakukosea. Nilitaka tu..."

"Usiniite omera, mimi si ndugu yako. Wewe ni wa Bungoma, ulijulia wapi omera?"

Wechuli akamwangalia Beldina, kuuliza na macho tu kama abaki ama aende. Hilo jicho pia Owiti aliliona. Siku hiyo hakuna kitu kilimpita. Mtu mwenye wivu anaona kama mwewe, shida ni kwamba kila anachoona ni kifaranga.

"Enda tu, Wechuli," alisema Beldina. "Asante."

"Nipo hapo."

Nipo hapo. Owiti alilibeba hilo nalo akaliweka pamoja na Bel, na lile jicho, na ule mkono kwa swichi. Lilikuwa sasa rundo. Akavuta tena mkanda. Nyuma. Akavuta na mkono wa kushoto. Nyuma. Jasho likaanza kumtoka, vumbi la omena likamganda kwa shingo. Alikuwa anafikiria kitu cha kijinga kabisa, na alijua ni cha kijinga, lakini kilikuwa kimemkalia kifuani: kwamba hii mota inampenda yule. Kwamba yeye aliitoa Kibuye, akaipaka mafuta, akaifunga, na kwa miezi miwili imemsahau.

Spana ndiyo ilimsaidia. Ilimponyoka ikaanguka nyuma ya mota, upande wa ukuta. Akazunguka kuichukua, na kwa vile alikuwa amechoka kurudi, akashika mkanda pale pale alipokuwa.

"Mama, nisaidie na swichi."

"Mimi?" alisema Mama Nakhungu. "Stima isinirushe?"

"Hairushi. Nikiachilia, bonyeza."

Akavuta kwake. Mama akabonyeza, amefumba macho. Mota ikaenda mbele.

Owiti akasimama. "Zima. Ngoja isimame kabisa. Tena." Akavuta. Mbele. Akarudi upande wa swichi, akavuta kwake. Nyuma. Akaenda ukutani. Mbele.

Akaketi chini kwa sakafu akacheka peke yake. Ilikuwa rahisi hivyo. Kila mtu huvuta mkanda kwake. Ukisimama upande wa mota unauvuta uje kwa mota. Ukisimama upande wa swichi unauvuta uje kwa swichi. Na hii mota haikuwa na njia yake yenyewe, ilikuwa inafuata mkono uliotangulia. Mwalimu wa politekniki alikuwa amewaambia kitu kama hicho na yeye aliandika kwa daftari akasahau: mota ya waya mbili ina koili ya kazi na koili ndogo ya kuamsha, na hiyo ndogo ndiyo inajua upande. Ikifa, mota inanguruma tu, haijui ielekee wapi, na ukiisukuma huku inaenda huku, ukiisukuma kule inaenda kule.

"Beldina, njoo uone," alisema, na kwa muda mfupi alikuwa yule Owiti wa kawaida, mtu anayefurahia kitu kwa sababu amekielewa. "Hakuna mtu aligusa waya. Ni kapasita."

Beldina akaja, akachuchumaa kando yake. Karibu atabasamu. Owiti akafungua kile kibati cha juu ya mota, akatoa kapasita, ile mkebe nyeusi inayoisukuma koili ndogo. Ilikuwa imevimba tumbo. Akagusisha zile ncha zake mbili na bisibisi, hakuna hata cheche. Imekufa. Mafuta yalikuwa yamevuja kwa pembeni, yakakauka, na juu ya mafuta kulikuwa na vumbi la omena, na juu ya vumbi, vumbi lingine, limeganda gumu kama ukoko wa ugali.

Akalikwaruza na ukucha.

Na hapo ndipo Owiti wa kawaida aliondoka. Kwa sababu hiyo ukoko haikuwa ya jana. Wala ya juzi.

Kwa mkoba wake kulikuwa na kapasita nyingine iliyobaki kwa kazi ya kisima, ukubwa uleule. Akaifunga. Lakini alipokuwa anaunganisha waya za ile koili ndogo macho hayakuwa kwa waya, yalikuwa nje, kule cheche za Wechuli zilikuwa zinaruka, na akili ilikuwa inahesabu asubuhi. Akapiga swichi. Mota ikaamka yenyewe bila kushikwa, kama ile siku ya kwanza. Ikaenda nyuma.

"Bado," alisema Mama Nakhungu.

"Ni mimi. Nimegeuza zile za kuamsha." Akazima, akazibadilisha hizo mbili tu, zile za kazi hakuzigusa. Akapiga. Mbele. Akazima, akapiga tena. Mbele. Mara tano, mbele, hakuna mkono uliogusa mkanda.

Mama Nakhungu akasema Bwana asifiwe na akaanza kuburuta gunia. Beldina alikuwa anamwangalia Owiti vile alikuwa anamwangalia zamani.

Angenyamaza hapo, hii hadithi ingekuwa ya harusi.

"Ilianza kunguruma lini?" aliuliza.

"Hii? Kama wiki tatu."

"Wiki tatu." Akaweka spana chini. "Na kila asubuhi unasaga."

"Watu wanakula, kuku wanakula. Nisage na nini, meno?"

"Peke yako huwezi kuvuta na ubonyeze swichi na mashini iende mbele. Swichi iko huku, na mashini haiendi mbele mpaka mtu asimame kule. Inataka watu wawili."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo kila asubuhi, wiki tatu, huyo mtu alikuwa anasimama pale, na wewe hapa."

"Owiti."

"Nauliza tu. Saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu, nikifungua. Anavuta, anaenda. Unataka kujua alikuwa amevaa nini?"

"Nataka kujua mbona hukuniambia."

"Nilikuambia."

"Hukuniambia." Alikuwa amesimama sasa, na vile alivyokuwa na vumbi mwilini wote alionekana kama mtu aliyefufuliwa. "Ungeniambia ningekuja. Lakini hukutaka nije. Mimi nimeelewa hii mota leo, Beldina. Haina njia yake. Inafuata mkono wa kwanza ulioishika asubuhi. Mwenyewe akiwa Ahero, hata jirani anatosha. Na kumbe iko na mwenzake hapa hapa kwa swichi."

Mama Nakhungu aliacha gunia. Alilielewa hilo neno kabla Beldina hajalielewa, akasema tu, "Haki, baba," polepole, kama mtu anayeona sahani ikielekea chini.

Cheche za nje nazo zilikuwa zimenyamaza. Ukuta ni mabati, na mabati haifichi kitu.

Beldina hakupaza sauti. Yule Beldina aliyekuwa anapaza sauti asubuhi alikuwa ameenda mahali. Alitoa simu kwa aproni, akatafuta, akapandisha, akapandisha, akapata. Akaiweka juu ya mashini akabonyeza.

Ilikuwa sauti ya Owiti. Nyuma yake pampu zinavuma, vyura wa Ahero wanalia.

"Jaber, mrembo wangu, sasa hiyo isikutie wasiwasi. Hiyo ni stima tu, stima ya Mamboleo inakuwanga kidogo asubuhi. Mimi siwezi kuja saa hii, niko na pampu mbili chini. Tafuta mtu hapo jirani akuvutie mkanda, itashika. Hata huyo wa mageti, si ako na nguvu. Sawa? Nakupenda. Lala."

Simu ikanyamaza.

"Hiyo ni ya kwanza," alisema Beldina. "Kuna ya wiki iliyofuata, nilikuambia bado inanguruma. Ulisema nivumilie. Na kuna yangu ya Jumapili. Hiyo hujafungua mpaka leo."

Owiti aliangalia simu. Aliikumbuka sasa, si maneno, alikumbuka tu mahali: amelala chali kwa banda la pampu, simu kwa sikio, usingizi umemshika miguu. Ni yeye mwenyewe alikuwa amemtuma huyo mtu. Ni kama alimshika Wechuli mkono akamleta akamsimamisha pale ukutani, na akasahau.

Kulikuwa na neno moja la kusema, na alilijua, na lilikuwa fupi. Hata Mama Nakhungu alikuwa anamwangalia mdomo kumsaidia kulitoa. Lakini wivu hauna haya. Unaweza kuushinda kwa ushahidi, na bado unakuuliza kuhusu kile kidogo kilichobaki. Na kile kilichobaki kilikuwa juu ya kidirisha, vikombe viwili, kimoja ndani ya kingine.

"Na chai?" alisema. "Chai pia ni mimi nilisema?"

Beldina akafumba macho kidogo. Alipoyafungua alikuwa amemaliza.

"Ambia wajomba wako wasisumbuke kwenda Usenge Jumamosi. Mama yangu nitampigia mwenyewe, asichinje."

"Beldina."

"Siwezi kukaa kwa nyumba nikielezea kila kikombe. Nitaeleza mpaka nizeeke." Akageukia gunia. "Mama, leta hiyo omena tumalize. Umekaa sana."

"Nimekutengenezea mota," alisema Owiti, na hata yeye alisikia vile ilikuwa ndogo.

"Umeitengeneza. Nimeona. Asante."

Akabonyeza swichi. Mota iliamka yenyewe, bila mtu ukutani, bila mtu popote, ikaenda mbele, na omena ikaanza kupanda na bomba ikisagika vizuri kuliko siku zote. Owiti aliokota spana, bisibisi, kapasita iliyokufa, akavitia kwa mkoba kimoja kimoja. Alitoa shati kwa msumari. Ilikuwa imeingia vumbi mpaka kwa kola, akaivaa hivyo hivyo, akakosea vifungo, akaviacha. Alingoja kidogo kama kuna mtu atasema kitu. Mama Nakhungu alikuwa ameshika mdomo wa gunia na ameangalia chini kabisa.

Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza, unaingia na kuzungusha unga hewani.

"Ukitoka ufunge," alisema Beldina, amempa mgongo. "Unga unaenda."

Akatoka, akavuta mlango wa mabati, na kwa vile ulikuwa mzito kidogo ikabidi auvute mara mbili ndiyo ufunge.